Kabla Hujaenda Bordeaux, Pitia kwa Mgema

Kwanza tuweke hili sawa, manake kila nikitaja kwetu naulizwa habari za ngamia na shanga: mimi ni wa Samburu ya Kwale, si ile ya Maralal. Samburu yetu iko kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Ukishapita Mariakani na Maji ya Chumvi, kabla hujafika Taru, ndio hapo. Tuna stesheni ya reli ya enzi za mkoloni, malori mengi, Waduruma wengi na mvua kidogo.

Sasa, dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi kwenye hoteli huko Diani. Kazi yake ni kuhudumia meza. Miaka sita amemimina divai, au waini kama tunavyoiita mtaani, kwenye glasi za wageni. Majina yote ya chupa anayatamka bila kukwama: Margaux, Pauillac, Saint-Émilion. Juzi akanipigia simu: "Mdogo wangu, nimeweka pesa kidogo kidogo mpaka zimefika. Nataka niende Bordeaux nione hiyo kitu inakotoka. Wewe si ndio mtu wa intaneti, nipangie safari."

Nikampangia. Viza ya Schengen, euro 90. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000, la sivyo hata fomu hawaitazami. Ndege ya Nairobi hadi Paris, halafu treni ya kasi ambayo tangu 2017 inafika Bordeaux kwa saa mbili na dakika chache. Siku ya kwanza, Cité du Vin, jumba la makumbusho ya divai lililofunguliwa 2016. Siku ya pili, mashamba ya Médoc. Siku ya tatu, Saint-Émilion, mji mdogo wa mawe ambao UNESCO iliuweka pamoja na mashamba yake kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Nikamwambia aende Septemba, wakati wa kuvuna zabibu.

Jioni hiyo nikamsomea tsawe ule mpango wote. Tsawe ndivyo tunavyomwita babu kwetu. Huyu mzee alikuwa mgema. Ujana wake wote aliumalizia Msambweni, juu ya minazi ya watu, kisha akarudi Samburu na makovu kwenye mapaja na kotama yake, kile kisu kilichopinda cha kugemea. Sasa hivi kotama imechomekwa kwenye paa la makuti, karibu na mlango. Hapandi tena.

Nikamweleza: mgeni anafika shambani, anapokelewa na mwenye shamba, anatembezwa kati ya mimea, anaelezwa udongo na mvua, anaingizwa ghalani, anaonjeshwa kidogo kidogo, anapewa historia ya familia, mwisho ananunua chupa.

Tsawe akauliza, "Huyo mgema wao naye anapanda?"

Nikamwambia hapana, mizabibu ni mifupi, inamfika mtu kiunoni.

Akacheka. "Basi hiyo ni kazi ya kukaa." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza swali la pili. "Na askari hawaji?"

Hapo nikakosa jibu. Manake mimi na yeye tunajua alichokuwa akiuliza. Nilikuwa darasa la sita siku ambayo watu wenye mamlaka waliingia kwetu, wakatoa madumu mawili ya mnazi ambayo nyanya alikuwa ameyanunua upande wa Kaloleni ili auze, wakayamwaga mlangoni. Nyanya hakusema kitu. Alichukua jembe akafukia lile tope jeupe, kwa sababu nzi walikuwa wameanza kuja. Karo yangu ya muhula ilikuwa imo kwenye yale madumu.

Basi nikaenda kusoma. Nilitaka kujua kwa nini mkulima wa Bordeaux anatembelewa na watalii, na mgema wa Kwale anatembelewa na msako. Nilichokipata ndicho hiki.

Jambo la kwanza: si kweli kwamba divai ni ya Wafaransa tangu kuumbwa kwa dunia. Mizabibu ya kulimwa ilifikishwa huko na wageni. Karibu miaka 600 kabla ya Kristo, Wagiriki walijenga mji wa pwani ambao leo unaitwa Marseille, na wakaja na ulevi wao. Warumi wakaendeleza. Halafu mnazi wetu nao ni mgeni. Nazi zilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia, na kufikia karne ya 10 msafiri Mwarabu al-Masudi alikuwa anaandika kwamba watu wa pwani hii wanakula nazi. Kwa hiyo mti wao ulikuja kwa jahazi na wetu ulikuja kwa jahazi. Hapo tuko sare.

Na kuna hili lililonifurahisha zaidi. Karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeishi Misri aliandika kitabu cha mwongozo wa bandari za Bahari ya Hindi, kinaitwa Periplus. Akifika kwenye pwani yetu, anasema kwamba meli huleta divai kidogo na ngano, wala si kwa biashara, bali kujipatia urafiki wa wenyeji. Yaani karibu miaka 2,000 iliyopita divai ilishafika Afrika Mashariki kama zawadi ya kulainisha mioyo. Kwa hiyo dada akienda Bordeaux, anarudisha ziara tu.

Jambo la pili: sisi tulikuwa na utamaduni wa kuonja kabla hatujasikia neno hilo. Mnazi kwa Mijikenda haukuwa wa kulewa tu. Mahari haizungumzwi kavu. Matanga hayakaliwi kavu. Wazee wakiongea na koma, yaani mizimu ya waliotutangulia, kitu kinachomiminwa chini ni mnazi. Mwanaanthropolojia David Parkin alikaa kwa Wagiriama wa Kaloleni, akatoa kitabu mwaka 1972 kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Jina lenyewe linakueleza: minazi, tembo na mashahidi. Mtu alipouza mnazi wake au kuuweka rehani, wazee walikaa wakanywa, na wale waliokunywa ndio waliokuwa ushahidi. Hakukuwa na stakabadhi. Kata ya mnazi ndiyo iliyokuwa sahihi. Ukibishana baadaye, unaulizwa: siku hiyo nani alikunywa?

Na ujuzi wenyewe si mchezo. Tsawe alinieleza tena wiki hii, safari hii nikirekodi. Unachagua karara, lile ua la mnazi kabla halijafunguka. Unalifunga kwa kamba, unaliinamisha taratibu siku baada ya siku lisivunjike. Unakata ncha kipande chembamba kama karatasi, unaning'iniza kibuyu. Asubuhi unapanda, jioni unapanda, kila mara unakata kidogo tena, la sivyo jeraha linafunga na mti unakunyima. Unachoshusha asubuhi ni tamu, mtoto anaweza kudhani ni juisi. Chachu iliyo hewani na kwenye kibuyu inaanza kazi papo hapo, jioni umeshakuwa mkali, na baada ya siku moja hivi unaelekea kuwa siki. Divai inawekwa miaka ishirini ghalani. Mnazi una saa zake. Ndio maana huwezi kuupeleka Paris; lazima Paris ije kwako. Kwa utalii, hebu fikiria, hiyo si kasoro. Hiyo ni biashara.

Tsawe anasema minazi aliyogema Msambweni ilikuwa ya mzee mmoja Mdigo, Mwislamu wa swala tano, asiyegusa ulevi. Mzee alimkodishia minazi, hakuwahi kuuliza kilichoshuka kwenye vibuyu. Walikuwa wakisalimiana kila asubuhi kwa heshima: mmoja anatoka msikitini, mwingine anashuka mtini. Nalitaja hili kwa sababu najua nusu ya mnaosoma mtasema ulevi ni haramu. Sibishani na imani ya mtu. Hata wale wazee hawakubishana.

Sasa tuje kwenye swali la tsawe. Askari hawaji?

Walikuja. Tena walikuja na bunduki.

Miaka ya 1860, kidudu kidogo kiitwacho phylloxera kilifika Ufaransa kutoka Amerika kikaanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yakafa mkoa baada ya mkoa. Dawa waliyoipata mwishowe ni kuunganisha mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani. Ndio, ile divai ya kifahari ya Bordeaux, sehemu kubwa imesimama juu ya mizizi ya kuazima. Lakini kabla hali haijatulia, divai ilikuwa adimu, na wajanja wakaingia kazini. Watu wakatengeneza "divai" kwa maji, sukari na zabibu kavu. Ikajaa sokoni, bei ikaanguka, mkulima wa kweli akabaki na mapipa yasiyouzika.

Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, wakaingia barabarani. Kiongozi wao alikuwa Marcelin Albert, mkulima mdogo aliyekuwa pia na mkahawa kijijini. Juni mwaka huo mamia ya maelfu ya watu walijaa Montpellier. Serikali ikapeleka jeshi, na mjini Narbonne wanajeshi wakapiga risasi raia, wakafa watu. Kikosi kimoja cha askari, wengi wao watoto wa wakulima hao hao, kikaasi na kukataa kutumwa dhidi ya wazazi wao.

Na siku chache baadaye, tarehe 29 Juni 1907, Ufaransa ikapitisha sheria. Sheria hiyo ilikataza nini? Kutia divai maji na kuizidishia sukari.

Nilipofika hapo nikasimama, nikasoma tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji! Methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameiandika kwenye insha, Wafaransa waliigeuza kifungu cha sheria. Hawakusema divai ni uchafu, tumwage yote. Walisema: anayetia maji ndiye mhalifu, na anayegema vizuri tumlinde.

Kisha wakaendelea. Mwaka 1935 wakaanzisha mfumo wa kulinda majina: ukitaka kuandika jina la mahali fulani kwenye chupa, zabibu zitoke hapo, ziwe za aina inayokubaliwa, na utengeneze kwa njia iliyokubaliwa. Bordeaux yenyewe ilikuwa na orodha yake ya ubora tangu 1855, Napoleon III alipotaka divai bora zipangwe kwa daraja kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris. Mpaka leo watalii wanapiga picha mbele ya mageti ya mashamba yaliyotajwa kwenye karatasi hiyo. Umbali kati ya Médoc na Msambweni, kwa maoni yangu, hauko kwenye utamu wa kinywaji. Uko kwenye karatasi.

Sisi karatasi zetu zilisema nini? Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia pombe kali za kigeni zisiuzwe kwa Waafrika sehemu kubwa ya bara hili. Kwenye tembo letu wenyewe mkoloni akaleta leseni na vibali: nani ageme, nani auze, auzie wapi. Malalamiko yake yalikuwa yale yale, kwamba vijana wa Pwani wanakunywa badala ya kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Haikumsumbua kwamba Waingereza wenyewe walikunywa divai ya Bordeaux karne na karne, na kwamba kuanzia mwaka 1154 mpaka 1453 mji huo ulikuwa chini ya wafalme wao.

Halafu mwaka 1922 kikaanza kiwanda cha bia Nairobi, na bia yake maarufu ikapewa jina na picha ya ndovu. Ona kejeli: tembo la mtini likawa la kuombewa kibali, tembo wa kwenye chupa akawa fahari ya taifa.

Tukapata uhuru, lakini mtazamo ukabaki. Mnazi ukaendelea kuwekwa kwenye kapu la "pombe za kienyeji". Sheria ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ilijaribu kupanga mambo, iliruhusu hata chang'aa iuzwe kwa masharti. Lakini kila pombe yenye sumu ikiua watu mahali fulani, msako unatangazwa nchi nzima, na mgema wa Kwale anabebwa kwenye wimbi ambalo hakulianzisha.

Na sumu ni ya kweli, sitaki kuficha. Mei 2014 pombe yenye methanol iliua makumi ya Wakenya. Hiyo ni misiba, si siasa. Lakini Italia nayo mwaka 1986 divai iliyotiwa methanol iliua watu zaidi ya 20. Waitaliano hawakung'oa mizabibu. Walikamata waliotia sumu, wakakaza ukaguzi, na leo watu wanalipa kwenda kuonja huko huko. Hata jirani zetu wa Dodoma wana mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka, na hakuna anayemwona mkulima wa zabibu wa Dodoma kama mhalifu.

Sasa sehemu ngumu, manake ni rahisi kulaumu serikali nikajiacha mimi.

Nikiwa kidato cha pili tsawe aliniita akaniambia, "Njoo nikufundishe kunoa kotama." Nikamwambia nina homuweki. Sikuwa na homuweki. Nilikuwa naona haya. Shuleni mtoto wa mgema anaitwa mtoto wa mlevi, na mimi nilikuwa nimeshachoka kutaniwa. Hata neno lenyewe lilinitia aibu: kwa Kiduruma kinywaji hicho kinaitwa uchi, na unajua kwa Kiswahili cha darasani neno hilo lina maana gani. Kwa hiyo nikanyamaza, na kotama ikachomekwa paani. Waliomwaga madumu ya nyanya walikuja siku moja. Mimi nilimwaga kila siku kwa miaka.

Ndio maana nimeubadilisha mpango wa dada. Bordeaux aende, tena aende na kichwa juu. Lakini kabla ya kupanda ndege nimemwekea siku tatu za huku. Siku ya kwanza, Samburu, kwa tsawe: anakaa naye chini ya mwarobaini anasikiliza hadithi ya Msambweni. Siku ya pili, Rabai, mahali alipoweka makao mmishonari Krapf miaka ya 1840, na ambapo minazi na kaya bado vipo pamoja. Siku ya tatu anarudi Diani kwa njia ya Kaya Kinondo, anavaa kaniki, anaingia msituni na wazee. Kaya za Mijikenda, pamoja na Kinondo na Kaya Mtswakara yetu sisi Waduruma, ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 2008. Orodha ile ile ya Saint-Émilion! Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Msitu ambao zamani uliitwa wa wachawi leo mgeni analipa kuingia kwa adabu, na wazee wa kaya ndio wanaomwongoza.

Simwambii mtu alewe. Kama hujafika miaka 18, hii ni historia, ishia hapo. Nina mjomba aliyemalizwa na ulevi, najua gharama yake. Hata Ufaransa ina sheria ya mwaka 1991 inayobana matangazo ya pombe. Wanaiheshimu divai yao na wanaiogopa pia. Sisi tumeshika ile hofu peke yake.

Jana nilirudi kwa tsawe na jibu lake. Nikamsimulia yote: kidudu, maandamano, risasi za Narbonne, sheria ya kutotia maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kumbe nao walikuwa wakitia maji," akasema.

Kisha akainuka polepole, akachomoa kotama paani, akapuliza vumbi. Ina kutu. Tumetafuta jiwe la kunolea boma zima hatukulipata, itabidi nipande matatu hadi Mariakani kununua. Nikilipata, mzee atanionyesha. Kama kwenu kuna kotama imechomekwa mahali, kabla hujanitumia meseji ya kubishana, nenda kamuulize mwenyewe aligema wapi na alifundishwa na nani. Rekodi. Kisha njoo tuongee.